Kutu Ina Njia Yake

(Niliyasema haya kwenye ukumbi wa skuli moja ya Chake Chake, siku wanafunzi walipoonesha kazi zao za mikono. Mwalimu mmoja aliniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka, ila nimeondoa pale nilipokohoa na pale kompresa ilipokataa kuwaka.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu mkuu, maalim wote, sheha wetu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa chini kwenye majamvi kwa sababu viti vimekwisha, ahsanteni. Nimeambiwa nina nusu saa. Fundi ukimpa nusu saa huchukua siku tatu, lakini leo nitajitahidi.

Wengi hapa mnanijua kwa kazi yangu ya mchana. Mie ni fundi bodi. Gari yako ikigongwa, ikioza madigadi, ikivimba rangi, unaniletea. Nakata palipooza, nachomelea bati jipya, napiga puti, nasugua msasa, napiga rangi, unaondoka umefurahi mpaka masika ya pili. Zaidi ya miaka 20 kazi yangu ni kuifukuza kutu. Kumbe usiku, baada ya isha, mtu huyohuyo anakaa na kigari cha sentimita 18, kipya, kisichowahi kukanyaga barabara, na kazi anayoifanya ni kukitia kutu.

Mke wangu yupo pale nyuma, ana maneno yake juu ya jambo hili. Anasema, "Mchana unalipwa kuiondoa, usiku unatoa pesa kuirudisha." Mpaka leo sijapata jibu. Nimekuja na vigari tu.

Tuanze na boksi. Modeli ya gari huja kwenye boksi la karatasi ngumu, lina picha nzuri juu, na ndani hakuna gari. Kuna vipande: milango, springi, viti, usukani mdogo unaoenea chandani kama pete, vyote vimeshikana na fremu ya plastiki kama karafuu kwenye kikonyo. Unavichambua kimoja kimoja, kwa kikatio cha kucha kama huna koleo ndogo, unasugua kidonda kilichobaki, unaunga. Kina mama wa hapa wanaokaa na chungu la karafuu mpaka usiku wangeiweza kazi hii kabla yangu mimi.

Plastiki yenyewe inaitwa polistirini, ndugu wa ile nyeupe nyepesi inayokuja na friji ndani ya boksi. Na gundi yake si ya kubandika kama mnavyobandika karatasi. Inayeyusha. Unagusisha tone dogo kwa ncha ya brashi, plastiki ya huku na ya kule zinalainika, zinaingiana, gundi inaruka na hewa, kinabaki kipande kimoja. Ni kuchomelea bila moto. Lishikeni hilo neno kuyeyusha, nitarudi kwake, kwa aibu.

Modeli zangu ni za kipimo cha 1/24. Chukua kitu chochote cha gari ya kweli, gawa kwa 24. Kipimo hiki ni cha Waingereza na futi zao: nusu inchi kwa kila futi moja. Mafundi seremala wazee mliopo hapa, ambao mpaka leo mnasema inchi, nyinyi mmeelewa kabla ya wanafunzi. Mtu wa sentimita 170 anakuwa wa sentimita 7. Doa la kutu la milimita 2, ambalo mkononi hulioni kuwa ni kitu, kwenye gari ya kweli ni karibu sentimita 5. Na ukipaka rangi nene kidogo tu, robo milimita, ni kama umeikandika gari ya kweli tope la milimita 6. Milango haifunguki tena hapo, hata kwa macho.

Vipimo vingine vina visa vyake. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha kupasua mbao. Vifaru vyake vinajulikana dunia nzima kwa kipimo cha 1/35, na watu hukaa wakajiuliza nambari hiyo ya ajabu imetoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza kifaru cha Kijerumani, Panther, kiende kwa mota, na ukubwa wake wakauchagua ili betri na mota vienee ndani. Betri ndizo zilizoamua. Na vile vigari vya chuma vya Matchbox ambavyo baadhi ya wazee hapa mlivichezea, vilianza 1953, na inasimuliwa kwamba fundi wake, Jack Odell wa London, alikuwa na binti ambaye skuli yake haikuruhusu kuleta kitu cha kuchezea isipokuwa kinachoenea ndani ya kibiriti. Baba akamtengenezea kigari cha kushindilia barabara cha kiasi hicho. Kwa hiyo maalim, sheria zenu za skuli msizidharau, huenda zikamtajirisha mtu.

Sasa aibu yangu. Shemeji yangu anaishi Uingereza. Alikuja likizo akaniletea boksi la modeli la kampuni ya Revell, Land Rover Series III, ile ndefu ya 109. Hiyo 109 ni inchi toka kati ya gurudumu la mbele mpaka kati ya la nyuma, sentimita 277, na kwenye modeli ni kama sentimita 11 na nusu. Niliipima kwa rula, nikaona ni sawasawa, nikaipenda papo hapo.

Niliiunga wiki mbili. Ikafika zamu ya rangi, nikajiona sasa tumefika nyumbani, hapa ndipo penye ufundi wangu. Rangi ninayo, ya gari. Thina ninayo, dumu zima. Praima ya nini, plastiki haipigi kutu. Nikaipiga koti moja la kijani, nikaiacha dirishani, nikaenda kuswali magharibi. Niliporudi boneti imejikunja kama ganda la embe lililosahauliwa juani. Milango imejaa nyufa ndogondogo kama tope la bonde la mpunga likikauka. Paa limezama katikati. Thina ya gari ni kali, na polistirini ndani yake haina mwenyewe. Ile gundi niliyokuwa nikiitia tone tone kwa adabu wiki mbili nzima, niliimwagia gari nzima kwa bunduki ya rangi, maana kazi yao ni moja.

Tangu siku ile modeli nazipiga rangi ya akriliki, inayochanganyika na maji, juu ya praima nyembamba iliyosuguliwa kwa msasa laini wa maji. Nyinyi vijana, hiyo ndiyo yenu. Thina waachieni wanaovaa barakoa ya mafundi na kufungua madirisha yote. Zipo rangi kali za laka zinazotengenezewa modeli, nzuri sana, lakini kwetu zina msimu. Ukizipiga masika, hewa imejaa maji, thina ikiruka inaupoza uso wa kigari, na unyevu wa hewa unatua juu ya rangi mbichi kama jasho la gilasi ya maji baridi. Rangi inapiga ukungu mweupe. Mafundi wenzangu hapa wanatikisa vichwa, wanajua. Gari nyeusi hatuipigi Aprili.

Shemeji alinicheka sana kwa simu, lakini safari ya pili alileta boksi jingine lilelile. Hili nikalifanya kwa subira. Likatoka zuri. Kisha nikataka lizeeke, lifanane na Land Rover nilizoziona nikiwa mtoto, nikaanza kutia kutu. Nikatia kwenye milango, nikatia kwenye mabawa ya mbele, juu ya magurudumu, wekundu mzuri kabisa wa kuchovya kwa kipande cha sponji. Nikaiweka rafuni gereji ili wateja waione. Nilikuwa nataka sifa, sitaficha.

Akaja babu mmoja wa Mtambile. Alikuwa ameleta tangi la pikipiki ya mjukuu wake lipigwe rangi. Aliendesha Land Rover maisha yake yote ya kazi, wakati njia ya kwenda Mkoani ukitoka na mayai unafika na kimanda. Akakiona kigari. Akakichukua bila kuuliza, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukipindua akaangalia chini, springi na shafti. Dereva huyo. Mnunuzi wa gari angeangalia taa.

Akakigeuza tena. Akasema, "Hii nani kaitia kutu?"

"Mie, babu."

"Hapa kwenye mabawa?"

"Ndiyo, babu."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu ya kujumlisha. "Fundi, ushawahi kuiona Land Rover ikapiga kutu mabawa? Hii aluminiamu, mwanangu. Sufuria. Sufuria ya mamako inapiga kutu?"

Wallahi nilitamani sakafu ifunguke. Fundi bodi mie, nimegonga mabawa ya Land Rover kwa nyundo yangu, nimeyanyoosha, najua yanavyolia chini ya nyundo, na usiku nikayasahau yote nikapaka kutu kwa sababu kutu ni nzuri kuitazama. Land Rover ilitoka mwaka 1948, vita vimekwisha juzi, chuma Uingereza ni cha mgao, wakaivika bodi ya aloi ya aluminiamu. Fremu ya chini ikabaki chuma. Na fremu ndiyo inayooza.

Babu akaniambia, "Njoo kwangu Ijumaa baada ya sala, nikuoneshe inavyokufa."

Nikaenda. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, ilikuwepo moja, haina injini, haina kioo, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Nilichuchumaa pale zaidi ya saa. Mlango kwa mbali mzima, kijani imepauka tu. Ukisogea, kwenye ukingo wa chini, pale ngozi ya aluminiamu inapokunjwa juu ya fremu ya chuma, rangi imevimba, na chini yake pana unga mweupe kama chokaa. Niliubonyeza kwa kucha, ukamwagika. Chuma na aluminiamu zikigusana na maji ya chumvi yakapenya kati, inayoliwa ni aluminiamu, na haitoi wekundu, inatoa unga. Juu ya bawa palikuwa na bolti ya chuma, na kutoka kichwani kwake umeteremka mchirizi mmoja wa rangi ya hudhurungi, mwembamba, umepita juu ya kijani ukafifia kabla ya kufika ukingoni. Kutu ya bolti imelia juu ya bawa, na bawa lenyewe halina kosa. Nikaingia chini. Fremu ya nyuma imekatika tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu, kidole changu kikaingia mpaka kiungo cha pili. Babu amesimama na fimbo yake anasema, "Umeona? Umeona?"

Nilirudi nyumbani nikafuta mabawa yote. Kigari chenyewe ni hiki. Kiko meza ya kwanza, kipindueni mkitaka, kimezoea. Unga mweupe ule chini ya mlango ni chaki ya ubao iliyosagwa, na mchirizi wa bolti nimeuvuta kwa brashi yenye nywele tatu.

Chuma kinataka vitu viwili ili kipige kutu, maji na hewa. Chumvi inaharakisha tu, kwa sababu maji yenye chumvi yanaupitisha vizuri ule umeme mdogo unaokula chuma. Sisi Mungu katupa vyote vitatu kwa wingi. Lakini hata hapa kwetu kutu haianzi inapopenda. Sijaiona bado iliyoanzia katikati ya paa safi, lisilokwaruzwa. Inaanza maji yanapokaa. Chini ya mlango, vitundu vya kutolea maji vikizibwa na tope. Kwenye mdomo wa madigadi, kijiwe kikidonoa rangi. Chini ya mpira wa kioo. Chini ya zulia la dereva anayeingia na miguu ya pwani. Pikapu za kubebea mwani zinaanza kuoza sakafu ya nyuma, maana magunia yanachuruzika maji ya bahari njia nzima. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi inanyanyuka malengelenge kabla hujaona wekundu wowote. Mteja ananijia, "Fundi, kuna kipele kidogo hapa." Nakigusa kwa bisibisi, bisibisi inazama mpaka mpini, na mteja anakaa chini.

Basi sasa kabla sijashika brashi najiuliza maswali ya gereji. Gari hii inabeba nini? Inalala wapi? Maji yakiingia yanatokea wapi? Doa nisiloweza kulijibia silipaki, hata liwe zuri vipi.

Kwa rangi iliyobanduka napenda njia ya chumvi. Kwanza unakipaka kigari rangi ya kutu, hudhurungi isiyo moja, hapa nyekundu kidogo, pale nyeusi kidogo. Unaifunika kwa vanishi ikauke kabisa. Halafu unalowesha kwa maji yale maeneo unayotaka, unanyunyiza chumvi, unaacha ikauke, inashika. Juu yake unapiga rangi ya gari yenyewe, nyembamba, koti mbili. Ikikauka unachukua mswaki mkuukuu na maji, unasugua taratibu, chumvi inayeyuka na kutoka na rangi iliyokuwa juu yake, na pale chini kutu inachungulia. Kingo zake hazinyooki, zimemeguka kama zinavyomeguka za kweli. Mkono wa mtu hauwezi kuchora hivyo.

Chumvi ninayotumia ni yetu ya Pemba, inayovunwa pwani. Ila ni ya mawe, na hapo hesabu ya 24 inarudi. Punje ya milimita 2 ni karibu sentimita 5 za rangi iliyobanduka, kigari kitaonekana kimepigwa mawe na watoto. Inatakiwa punje ya nusu milimita, ambayo ni kama ukucha wa kidole kidogo kwenye gari ya kweli. Kwa hiyo naitwanga kidogo kinuni halafu naichekecha kwa chujio la chai. Lile chujio lililopotea nyumbani mwaka jana, mke wangu, sasa umejua liko wapi.

Na hapa niliharibu tena. Daladala yangu ya kwanza niliisuuza kwa maji ya kisima cha jirani, ambacho tunakijua sote kuwa kina ladha ya chumvi. Usiku ilikuwa nzuri. Baada ya siku tatu ikatoka utando mweupe kila mahali. Sasa nasuuza kwa maji ya mvua, mara tatu, na masika kazi ya chumvi siifanyi kabisa, maana chumvi yenyewe inanyonya unyevu wa hewa, unaiacha kavu jioni unaikuta imelia asubuhi. Msimu huo naazima spreyi ya nywele ya binti yangu. Unaipiga chini ya rangi badala ya chumvi, rangi ya juu ikikauka unaigusa kwa maji, spreyi inalegea, rangi inabanduka. Binti anadai nimemaliza chupa mbili. Ni moja na nusu.

Baada ya hapo ni kuosha. Si kwa sabuni. Unachukua rangi ya mafuta ya wachoraji, nyeusi na hudhurungi, unaipunguza kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya mkandaa isiyoiva, na kigari kiwe kimeshapakwa vanishi ya maji ya kung'aa ili kisidhurike. Unagusa tone kwenye mstari wa mlango, basi. Linajivuta lenyewe mstari wote, kama chai inavyopanda kwenye boflo. Mlango uliokuwa umechorwa unakuwa mlango unaofunguka. Mie jambo hili nimelifanya mara mamia, na kila nikiliona nafurahi kama mara ya kwanza.

Na kutu ya unga, ile ya kupaka kwenye ekzosi na springi, watu wanainunua kwenye vichupa. Mie ni fundi bodi wa Pemba. Ninayo kopo zima la maziwa, ya kweli, imekwanguliwa kwenye gari zenu, imesagwa na kupitishwa kwenye soksi ndefu. Baadhi yenu gari zenu zimo mezani pale.

Ile kubwa ya mwisho, yenye mgongo wa mbao, haikutoka kwenye boksi. Hiyo ni daladala ya Unguja, njia nambari 118, ya kijiji cha Matemwe. Nilipokuwa nikisoma Unguja nilikuwa na shangazi Matemwe, na kila Alhamisi jioni nilipanda gari kama hizi, kichwa cha lori dogo la Kijapani na nyuma bodi ya mbao, mabenchi mawili yakitazamana, magoti yako ndani ya magoti ya mtu. Sijaiona ikiuzwa kwenye boksi lolote. Kichwa nimekikata kwenye bamba jembamba la plastiki. Mbao ni vijiti vya aiskrimu vilivyosuguliwa, kwa sababu kijiti kikiwa kizima ni kama milimita 2, na ubao wa karibu sentimita 5 daladala haijengwi nao, ingekuwa jahazi. Nimevisugua mpaka milimita 1.

Kwenye daladala sikutia kutu nyingi. Nilikaa nikakumbuka mikono. Nguzo ya nyuma kulia anaposhika konda imekuwa nyeusi na inang'aa, mafuta ya kiganja chake miaka yote. Ubao wa nyuma ya benchi una mkanda laini kwa urefu wote, migongo ya watu imeufanyia hivyo. Kidaraja cha kupandia kimelika katikati, pembeni kina rangi bado. Na mchirizi ule mweupe unaoteremka ubavuni nyuma, mmoja mmoja wenu ameniuliza kama nimemwaga rangi. Hapana. Juu ya paa pana tenga. Tenga la samaki wa Matemwe likiwekwa juu asubuhi linachuruzika mpaka mjini, maji yana chumvi na magamba, yanakauka na upepo njiani. Aliyewahi kukaa chini ya tenga lile hana haja ya maelezo yangu.

Wenzetu wa nje wanapenda mabovu, gari iliyotupwa kichakani, mti umeota kwenye injini. Zipo nzuri mno, sina ugomvi. Lakini wengi wanazidisha, wanatia kutu kama anayetia pilipili asiyekula yeye. Gari inayofanya kazi ina mtu anayeipenda. Dereva anafuta dashibodi kila asubuhi, anaweka maua ya plastiki, anaandika jina kwa rangi mpya juu ya kioo. Daladala ile mlango wake wa kulia ni wa buluu na gari ni nyeupe. Mlango umetoka kwenye gari nyingine. Huo mlango umenichukua jioni moja, na unasema zaidi ya nusu kilo ya kutu.

Vumbi nitalisema kwa ufupi kwa sababu mwalimu ameshaanza kutazama saa. Usinunue. Vumbi la Matemwe nimeletewa kwenye mfuko wa sukari, ni leupe, la mawe ya pwani. La Land Rover nimelichota njia ya kwenda Ngezi, jekundu. Ukilichanganya hili na lile mtu wa Unguja atakushitukia. Chekecha kwa kitambaa cha mtandio, changanya na maji na tone la gundi nyeupe ya karatasi, paka chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Kwenye kioo cha mbele kata kwanza karatasi ya gundi kwa umbo la upepeo, ibandike, piga vumbi, ibandue. Hapo waipa imepita. Kipande kile cha karatasi kina ukubwa wa kucha ya mtoto, na ndicho watu wanachokitazama kuliko kigari chote.

Mmeniuliza kama nauza. Sijauza hata kimoja. Nimegawa viwili. Cha kwanza kipo kwa shemeji. Cha pili, Land Rover nyingine, nilimpelekea babu wa Mtambile. Akaiweka juu ya televisheni. Kila mgeni anayeingia anamkabidhi mkononi, aipindue aone springi, na anamsimulia safari zake. Nilipita mwezi uliopita kumwamkia. Mabawa yamepauka pale vidole vinaposhika, rangi imelika kwenye pembe za boneti ikabaki plastiki inayong'aa, na gurudumu la akiba limepotea. Nililitafuta chini ya kochi mwenyewe, sikuliona. Ameizeesha vizuri kuliko mie, wala hakutumia chumvi.

Basi karibuni mezani. Shikeni, pindueni, ulizeni. Ila ile pikapu ya kijani iliyo peke yake kwenye sahani, hiyo tafadhali msiiguse. Nimeipiga rangi leo alfajiri na unyevu wa jana usiku mnaujua, bado mbichi. Na wewe kijana mwenye shati jeupe la skuli, nimeshakuona kidole hicho.